Chenga hazisubiri kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa safu ya muziki. Sina ugomvi naye. Safu yake naisoma kila wiki, ingawa gazeti hunifikia likiwa limeshapita kwa muuza kahawa na kwa kinyozi, limeota madoa. Wiki mbili zilizopita aliandika juu ya zile sauti za kisasa zinazoundwa kwa vipande vidogo mno vya mlio, vingi kama mchanga, akaziita sauti za chembechembe. Mpaka hapo tulikuwa pamoja. Halafu akamalizia kwa kuwaambia vijana kwamba asiye na kompyuta yenye nguvu na programu ya kununua asijisumbue nazo. Hapo nikaweka kikombe chini.

Mimi ni fundi redio, hapa Ngamiani, Tanga. Ni mwanamke wa miaka 58, na mpaka leo mteja mgeni akiingia kibandani hutazama huku na huku kisha akauliza, "Mama, fundi katoka?" Kazi nimeirithi kwa baba, aliyeishika wakati mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz upande wa dansi, Black Star na Lucky Star upande wa taarabu, na amplifaya zilizoungua hazikosekani mezani. Mimi nilianza na redio, nikaja kuzama kwenye televisheni za chogo, na hizo ndizo zilizonipa neno nitakalolitumia humu. Mteja akileta televisheni alikuwa akisema, "Picha ina chenga." Alimaanisha yale madoadoa meupe yanayochemka kwenye kioo kama mchele unaopepetwa, pamoja na ule mlio wa shhh unaokwenda nayo. Neno lenyewe limetoka jikoni, kwenye chenga za mchele, punje zilizovunjika ambazo muuza duka hukupimia kwa bei ya chini. Miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuziondoa chenga. Siku hizi nazitengeneza kwa makusudi, kwa hiyo mwandishi wenu aniwie radhi, sitaziita chembechembe tena. Zina jina lao.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kijana wa jirani. Anapiga kinanda katika kikundi cha taarabu ya kisasa, masikio anayo, adabu anayo, fedha hana. Alikuja siku ileile, gazeti kwapani, baada ya shikamoo akaniuliza kama namjua mtu wa kununua Phoenix ya marehemu baba yake. Nikashtuka. Baiskeli ile ndiyo inayompeleka kazini asubuhi na ndiyo inayombeba mama yake kwenda kliniki. Akanionyesha safu. Alitaka kianzio cha laptop.

Nikamwambia aingie ndani kwanza, akae. Nikamletea kayamba.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mdigo, na kayamba lake tunalo bado. Mwaka juzi matete yalipolegea nililifungua nilikaze upya, na kwa ufundi wangu wa kupenda kuhesabu vitu nikazihesabu mbegu za turituri kabla ya kuzirudisha: 412. Mbegu moja ikigonga tete inatoa mlio mkavu, mfupi kuliko kupepesa jicho, usio na wimbo wala maana. Ukilitikisa, mia nne zinagonga kwa kupishana, hakuna mbili zinazofuatana kwa nafasi sawa, na sikio linaacha kuhesabu. Linasikia kitu kimoja kinachomiminika. Bibi alikuwa na namna yake ya kuliinamisha polepole, mbegu zikateleza chache chache, halafu nyingi, halafu zote, kama mvua inayotembea juu ya mabati ikitokea nyumba za mbali. Kijana alilitikisa, akacheka, akasema hilo analijua. Nikamwambia basi sauti za gazetini unazijua.

Na hao waliolitia jambo hili vitabuni nao hawakuanzia kwenye kompyuta. Dennis Gabor, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, na ambaye mwaka 1971 alipewa Tuzo ya Nobel kwa mambo mengine kabisa, ya holografia, yaani picha za pande tatu, aliandika mwaka 1947 kwamba sauti yoyote inaweza kutazamwa kama mkusanyiko wa punje ndogondogo, kila moja na muda wake na kimo chake cha sauti. Miaka kumi na moja baadaye Iannis Xenakis, Mgiriki aliyehamia Ufaransa, alirekodi mkaa unaowaka, akaukata utepe vipande vifupi vifupi, akavipanga tabaka juu ya tabaka, na mlio huo ukasikika katika banda la kampuni ya Philips kwenye maonyesho ya dunia kule Brussels, 1958. Mkaa, Ndugu Mhariri! Mwanamke gani wa Tanga hajakaa mbele ya jiko la mkaa wenye unyevu, ta, ta-ta, tatata, cheche zikirukia kanga? Kompyuta iliingia katika shughuli hii miaka ya 1970 kwa mikono ya Mmarekani Curtis Roads, na mpaka 1986 ndipo Barry Truax, huko Kanada, alipoifanya itoe chenga papo hapo bila mtu kusubiri mashine imalize hesabu zake.

Sasa niseme juu ya sanduku langu, maana ndilo linalonipa ujasiri wa kuandika.

Wengi wakisikia sintesaiza, mtambo wa kuunda sauti kwa umeme, wanaona kinanda. Langu halina kinanda. Ni sintesaiza ya moduli, namna iliyoanzishwa Marekani miaka ya 1960 na Robert Moog na Don Buchla, kila mtu kivyake. Ni mtambo wa vipande: kimoja kinatoa mlio, kingine kinauchuja, kingine kinaufungua na kuufunga, na kila kipande kinaamrishwa kwa volti inayotoka kwa mwenzake kupitia waya unaouchomeka mwenyewe. Ukiuhamisha waya, umepata chombo kingine. Langu lina vipande kadhaa ndani ya boksi la mbao lililokuwa la spika. Linakula volti 12 chanya na volti 12 hasi kutoka kwenye transfoma ya amplifaya iliyokufa. Karibu kila kitu humo ni mabaki ya wateja wasiorudi, isipokuwa IC chache, zile saketi ndogo za kipande kimoja, nilizoagiza Kariakoo. Michoro alinirushia mwanangu kwenye simu; iliyobaki ni mikono na kuungua vidole.

Kila kipande nimekipa jina, kwa sababu majina ya kwenye michoro hayakai kichwani mwangu.

Cha kwanza ni Kelele. Ni transista ya kawaida tu, ila nimeifunga kinyume: chanya inaingia kwenye mguu wa emita, hasi kwenye mguu wa besi, mguu wa kolekta haugusi kitu. Ukiipa volti 12 kupitia rezista (kizuia umeme) kubwa, kiungo chake cha ndani kinazidiwa, na umeme unapenya kwa kurukaruka bila mpango wowote. Kuza huo mrukoruko, unaipata shhh ya televisheni isiyo na stesheni, chenga zenyewe za chogo. Nimeifungia ndani ya kopo la Blue Band lililounganishwa na ethi, la sivyo inadaka mngurumo wa nyaya za umeme wa mtaa mzima.

Cha pili ni Bawabu. Huyu anaitazama Kelele, naye ana kiwango chake. Volti ikivuka kiwango anafungua mlango, ikishuka anafunga. Nikikipandisha kiwango, ni mirupuko mikubwa tu inayofika, mlango unafunguka mara tatu nne kwa sekunde. Nikikishusha, mara mia na zaidi. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba Kelele lazima ipozwe kwa kapasita, kile kinachohifadhi umeme kidogo, kabla ya kupelekwa kwake. Bila hivyo Bawabu anapagawa, anafungua maelfu kwa maelfu, na unachosikia ni ileile shhh uliyoanza nayo.

Mlango unapofunguka unaiamsha Pumzi. Ni kapasita ya maikrofaradi 0.1 inayojaa mara moja, kisha inamwaga umeme wake kupitia rezista. Rezista ikiwa kiloomu 100, umwagaji una kipimo cha milisekunde 10. Nikizungusha nobu mpaka megaomu 1, milisekunde 100. Hiyo Pumzi ndiyo inayouamrisha Mdomo, kipande kinachoufungua na kuufunga mlio, na nyuma ya Mdomo oskileta, yaani kipande kinachotoa mlio, inalia muda wote, usiku na mchana, bila kusikika mpaka Mdomo ufunguke. Kwa hiyo chenga moja ni hiyo tu: mlango, pumzi, mdomo. Ukiikata milisekunde 10 sauti ya mitetemo 440 kwa sekunde, ile ambayo watu hupatanishia ala, ndani ya kipande kuna mitetemo minne na kidogo. Sikio halijawahi kuijua noti. Linasikia tiki yenye rangi. Kwenye milisekunde 50 noti imeanza kutoa kichwa. Kwenye 100 unaweza kuiimba.

Hapo kijana akaniuliza swali zuri. Akasema, mama, huyu Bawabu wa ovyo wa nini? Kwa nini usitumie saa, ikagonga sawasawa? Sikumjibu. Nilichomoa waya wa Bawabu nikachomeka saa. Mara tano kwa sekunde: tiki tiki tiki, kila mtu anazihesabu. Nikaongeza. Zilipokaribia ishirini zikaanza kushikana. Zilipofika mia moja hapakuwa na tiki tena, palikuwa na noti, mngurumo mmoja mnene kama mota ya mashine ya kusaga. Maana mitetemo mia moja sawasawa kwa sekunde ni noti tayari, hata ungekuwa unagonga sufuria. Nikamrudisha Bawabu, mia ileile kwa makadirio, ila bila mpangilio. Noti ikatoweka. Ukabaki mchanga, mchanga mtupu unaomwagika kwenye sinia. Idadi haikubadilika. Kijana aliomba nirudie mara nne, akifumba macho, na mara ya nne akasema, "Kumbe bibi yako angetikisa sawasawa, kayamba lingeimba." Kauli hiyo imenikaa. Pengine amekosea kidogo, mkono wa binadamu haufiki mara mia kwa sekunde, lakini alikuwa ameshika shina.

Kipande kingine ninachojivunia ni Shika Hapo. Kila Bawabu anapofungua, kipande hiki kinaichungulia Kelele ya pili, kinaidaka volti iliyopo wakati ule, na kuishikilia mpaka mlango mwingine. Volti hiyo naipeleka kwenye oskileta, kwa hiyo kila chenga inatoka na kimo chake. Oskileta yangu inafuata kipimo cha Moog, volti moja kwa oktava moja, toka do hadi do inayofuata. Kwa hiyo kama sitaibana, Shika Hapo inatawanya chenga oktava nne tano, na ni fujo ya kuku walioona kicheche. Nikiibana mpaka sehemu ya kumi ya volti, zote zinakaa karibu karibu, zinasuguana, na mlio unakuwa mzito wenye unyevunyevu. Nafikiri uzuri wote wa chenga uko kwenye kubana huku, si kwenye kutawanya, na rekodi nyingi za siku hizi zinatawanya mno. Hayo ni maoni ya fundi redio, yapimwe hivyo.

Kuna Mdomo wa pili ambao si wa transista. Ni LED, kile kitaa kidogo, na rezista inayohisi mwanga, vimetazamana ndani ya kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, mweusi, umefungwa ncha zote mbili. Buchla alitumia hila ya taa na rezista, ingawa sidhani kama mpira wake ulikuwa wa baiskeli. Rezista ile haisahau mwanga upesi. Taa imezimika, yenyewe bado inakumbuka kidogo, na chenga inapata mkia laini kama ngozi ya ngoma iliyogongwa kwa kidole. Haiwezi zile fupi za milisekunde 5, inachelewa. Lakini kwa chenga za maji, za matone, sina kipande kinachoishinda. Isipokuwa labda filta, kile kipande kinachouchuja mlio. Filta ukiikaza mpaka ikaribie kulia yenyewe, kisha ukaigonga kwa mlango wa Bawabu bila oskileta yoyote, inatoa "ting" kama kijiko kwenye glasi. Hapo hata Mdomo hauhitajiki.

Mdomo si lazima ulishwe oskileta. Nikichomeka maiki, kinachokatwa kuwa chenga ni chochote kinachosikika kibandani: adhana, muuza samaki, mimi mwenyewe nikikohoa. Mwanangu alinirekodia korona ya shamba moja la mkonge (nasema korona ile inayokwangua mkonge, jina ambalo sisi wa Tanga tulikuwa nalo zamani kabla ya ugonjwa kulichukua), nikaipitisha kwenye Mdomo wa milisekunde 30. Ule mlio wa kusaga meno ukageuka kitu kama nyuki waliolowa. Kijana akauliza, "Mama, hiyo korona unaitoa wapi?" Nikamwambia kwenye simu. "Na simu si kompyuta?" Nikanyamaza. Mwandishi wenu anaweza kulihesabu hilo bao lake.

Nimpe na mengine, maana sipendi kushinda kwa kuficha. Sanduku langu linatoa chenga moja kwa wakati mmoja kwa kila Mdomo, na Midomo ninayo miwili. Kompyuta inatoa mamia zikipandana. Kompyuta inaweza kuchukua sauti ya mtu aliyekwisha kufa, ikaichambua punje kwa punje, ikairudisha nyuma, ikaisimamisha kwenye silabi moja kwa dakika nzima. Mimi siwezi, kwa sababu vyombo vyangu havina kumbukumbu. Vinakata kinachopita sasa hivi, basi. Cha karibu nilicho nacho ni mashine ya mwangwi niliyoitoa kwenye mikisa ya zamani ya karaoke. Ndani yake kuna IC ya namna iliyobuniwa na watafiti wa Philips mwaka 1969, inayopitisha umeme kutoka kikapasita kimoja hadi kingine, mamia kwa mamia, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo kuzima moto. Chenga inaingia mwanzo wa mstari, inatoka mwisho wake imechelewa kidogo na imechoka kidogo. Nikiirudisha mwanzoni tena, chenga ileile inarudi tena na tena, kila mara hafifu zaidi, na kwa muda mfupi sanduku linajifanya lina Midomo mingi.

Na mji wetu wenyewe haunisaidii. Hewa ya bahari inakula soketi. Kila baada ya miezi miwili nazisugua, zisiposuguliwa zinatoa chenga zao ambazo sikuziomba. Wakati wa kaskazi, bati likishika moto mchana, oskileta inahama, ukiipatanisha saa nne, saa nane iko kwingine. Nimezoea kufanya kazi usiku.

Lakini hoja yangu haihitaji sanduku langu liwe bora kuliko kompyuta. Mwandishi wenu alisema haiwezekani bila kompyuta, na kijana mmoja karibu auze baiskeli kwa sentensi hiyo. Ninaomba safu ijayo iiondoe, mistari miwili inatosha. Kijana, niseme ukweli, laptop bado anaitaka, na simlaumu. Ila ameamua kuichanga taratibu, na jioni anakuja kibandani kunisaidia kuchomea. Tayari ametengeneza Bawabu wa kwake, amemfungia ndani ya kopo la maziwa, anafungua mlango kwa uchoyo zaidi kidogo kuliko wa kwangu.

Mwandishi naye namkaribisha. Nipo kila siku baada ya alasiri, magharibi nafunga. Asiwe na haja ya kubeba zawadi. Abebe tu nakala ya gazeti la wiki ile. Yetu tuliikunjakunja mbele ya maiki, Mdomo ukiwa kwenye milisekunde 20 na mwangwi umewashwa, na katika kazi hii sijapata chenga tamu kama zile. Sasa imelainika, hailii tena.

Mama Fundi,
Ngamiani, Tanga